Mwenye Hana Muzigo Anashuka

Banasema sasa mi niko mu pensheni. Ni neno muzuri, inafanana na kintu muntu anapewa. Shefu wa ekipe, ile timu yetu ya mbio, alinipatia barua, kofia na soda moja ya baridi, akatoa hotuba fupi, akakosea jina yangu mara mbili. Miaka mingi nilikuwa fundi wa kinga, ile benye balisoma banaita baiskeli, mu mashindano makubwa ya majuma matatu yenye inaanziaka huku kwetu Lubumbashi. Sasa nyie bafundi badogo munaniambia: "Papa Solusio, andika kidogo, siye tusome." Papa Solusio ni mi. Solusio ni ile kole ya kubandika pancha, na harufu yake haitokake mu mikono. Bibi yangu anasemaka njo harufu ile ilimudanganya, alizania natumika kwa hospitali.

Musitafute Kiswahili ya kitabu humu. Mu masomo nilifikaka mwaka ya tatu, na ile ya tatu niliirudilia, kwa hiyo mukinihesabia muzuri ni ine. Na juu ya kupandishwa cheo sitasema kintu, juu hakuna. Fundi anapandishwaka mara moja tu: anatoka chini ya kinga, anakaa pembeni ya kinga.

Nilianzia mu Ruashi, kwa atelye ya Papa Mukendi, pembeni ya barabara yenye bantu ba makala, makaa ya kupikia, banaingiliaka mu muji. Atelye ni neno kubwa. Ilikuwa mabati tano, kiti moja ya mbao, na beseni. Papa Mukendi alikuwa muntu wa Kasai, baba yake alifikaka huku na treni. Yeye alisoma, alikuwa na miwani, alikuwa anafundisha kwaya kwa kanisa, na kinga ikikataa kutii, alikuwa anaisemesha Kifaransa.

Siku ya kwanza hakuniuliza hata jina. Alinipatia beseni ya mayi na mupira ya ndani ya gurudumu.

"Ingiza mu mayi. Fasi yenye inapumua ni tundu. Hesabu, bandika, kisha uniambie."

Nilihesabu saba. Nilibandika sita. Ya saba niliona ni kidogo sana, nikasema ile Mungu ataiangalia. Mungu alikuwa na kazi ingine. Kisha saa mbili kupita, mwenye kinga akarudia, muntu wa makala, anasukuma chuma bila upepo, jasho inamutoka sawa mayi ya bomba, wakati inatokaka. Nilingojea matusi. Hakunitukana. Alilaza kinga chini, akanawa mikono mu beseni yangu, akakaa mbele yangu, akafungua chakula yangu, bukari na sombe, akakula yote pole pole, ananiangalia mu macho. Alilamba hata vidole. Papa Mukendi hakuinua kichwa.

"Tundu ya saba ilikuwa na njaa," alisema.

Toka ile siku sijaachaka tundu. Kama kuko masomo ingine ya namna ile, ya kufundisha muntu kazi na njaa ya siku moja, mi siijui. Leo banawapeleka ku semineri ya siku tano, na chakula banawapatia. Njo juu munaachaka matundu.

Gurudumu, Papa Mukendi alikuwa anaikaza na masikio. Alikuwa anachukua kijiko, anapiga reyo moja moja, vile vyuma vyembamba vya mu gurudumu, anafunga macho. "Huyu anaimba yulu sana. Huyu analala. Huyu anazania iko peke yake mu kwaya." Kisha anakaza, analegeza, na funguo yenye alijikatia mu chuma ya kutupwa. Wakati reyo yote inaitika sauti moja, gurudumu iko sawa. Alinipatia funguo ile, ingali mu mufuko yangu. Kisha nilionaka fundi wa Bulaya na sanduku yake ya vyombo: kila chombo na chumba yake, na kitanda ya laini. Batoto bangu mu nyumba yetu ya Hewa Bora habajalalaka vile. Alipima gurudumu yangu na mashini, akapima tena, akaangalia kijiko yangu, hakusema kintu. Na mi sikusema kintu, juu sijui kiingereza ya kujivuna.

Sasa sheria. Pembeni ya atelye kulikuwa kilima. Kwa mwenye iko na motokari, haikuwa kilima, ilikuwa paka barabara tu. Lakini muntu wa makala anatokaka mu pori na magunia tatu, ine, anazifunga mpaka hauone tena kinga. Unaona paka makala inatembea, na miguu mbili kwa nyuma. Ku kilima, kama iko peke yake, muzigo inamurudisha chini, na ikimurudisha, inavunja kinga ao inavunja muguu. Kwa hiyo kuko sheria, hakuna mwenye aliandika: mwenye hana muzigo anashuka. Uko ku kinga, uko mu motokari, uko na tai ku shingo, ukikuta muntu wa makala ku kilima na mikono yako haina kintu, unashuka, unasukuma mpaka yulu. Hakuna kuulizana jina. Nilionaka pasta mwenye suti nyeupe anasukuma. Yulu ya kilima ilikuwa suti ya majivu, na mama pasta alimuhubiria ile siku kuliko vile yeye anahubiriaka batu.

Papa Mukendi naye alikuwa anaacha kazi, mara kumi kwa siku, anaenda kusukuma. Mwenye kungojea kinga yake akilalamika, anamuambia: "Baba, na wewe mikono yako haina kintu. Twende."

Njo mu barabara ile Mwansa alitokea. Alikuwa anabeba unga toka Mokambo, ku mupaka na Zambia, kisha akaingia mu makala. Balikuwa banasema siku moja alitoka Mokambo pamoja na kamyo ya mizigo, akafika mbele ya kamyo. Benye banajua bakamyo ba mupaka habakushangaa sana. Lakini mi niliona miguu yake. Nilimutengenezea kinga ya mbio na vipande vya kinga ine, nikamupeleka ku majaribio ya ekipe, na akaacha batu bote nyuma, hata bale benye balikuwa na barua ya mukubwa fulani mu mufuko.

Shefu wa ekipe hakufurahi. Shefu hajapandaka kinga, lakini alikuwa na diploma ya kusimamia benye banapanda. Akatuita, mi na Mwansa.

"Papa Solusio, ni wewe ulileta huyu?"

"Ni miguu yake ilimuleta, Shefu."

"Sawa. Etape ya kwanza, akifika nje ya delai, anarudia ku makala yake. Na sitachukua tena muntu wa makala mu ekipe yangu, hata mumoja. Mumesikia?"

Etape ni mbio ya siku moja. Na delai, kwa mwenye hajui: wa kwanza akifika, banaanza kuhesabu. Saa ikipita, mwenye angali mu njia kesho haanzi. Majuma matatu ya mashindano, na wewe unaisikilizia ku radio, siku ya kwanza.

"Nimesikia, Shefu," Mwansa alisema. Na kwa inje akaniambia: "Papa, kutoka huku mpaka Likasi, bila muzigo? Ni kutembeza miguu."

Asubuhi ya etape ya kwanza tulikuwa mu katikati ya muji, mbele ya bakubwa. Bakubwa balisema. Kisha bakubwa ba bakubwa balisema. Jua ilipanda, bacheza kinga basimama na kinga zabo, na kila hotuba ilikuwa inamalizika, kisha inakumbuka kintu. Musikilize, nyie badogo, hii ni kazi: hotuba ikipita nusu saa, pita chini chini, utoe upepo kidogo mu pine, juu jua inaivimbisha. Mi nilipita. Fundi wa Bulaya hakupita, yeye hakujua bakubwa betu. Mu katikati ya neno "amani," pine yake moja ikapasuka, PWAA! Basoda na bunduki zabo bakalala chini. Mukubwa mwenye alikuwa anasema akalala kuliko basoda. Hotuba ikaisha. Hakuna siku mashindano ilisaidiwaka na fundi vile.

Ekipe yetu ilikuwa na motokari mbili. Ya muzuri ilijaa bageni ba heshima, benye balikuja kuangalia bantu banatoka jasho. Kwa hiyo Shefu alikuja mu yetu: shofa ku usukani, Shefu mbele, na mi nyuma na magurudumu mbili ku magoti. Nilivaa suruali mupya, bibi yangu aliipiga pasi mara mbili, juu ya televizio.

Mwansa alienda muzuri mpaka katikati ya njia. Kisha akakanyaga jiwe yenye ilianguka ku kamyo ya mine, kwenye banachimbaka shaba. Inchi yetu ni tajiri, utajiri inaanguka hata mu barabara, na inatoboa. Nilishuka na gurudumu. Kubadilisha gurudumu ni kazi ya kuhesabu mpaka makumi mbili, lakini kijiji yote ilikuja kunisaidia. Mumoja alishika kiti, mumoja alishika bega yangu, mumoja alikuwa anasema: "Hapana vile, papa, mi najua!" Ile ni kazi ingine ya kuandika: batu bakija kusaidia, uwapatie kazi. "Wewe shika kofia. Wewe angalia mbuzi." Ile siku sikujua bado. Wakati Mwansa alirudia mu njia, bengine balikuwa mbali, habaonekane, na motokari ya muzuri nayo.

Alikimbia peke yake. Nawaambia, sijaonaka muntu anakimbia vile. Shefu alikuwa na saa mbili, moja ku mukono, moja mu telefone, na hazikuwa zinasikilizana.

"Hawezi," alisema.

Kisha: "Labda."

Kisha, karibu na Likasi, akatoa kichwa mu dirisha, yeye mwenye hakumupenda: "Mwansa! Uko na dakika mbili ya kubakiza! Kilima moja tu! Enda!"

Kilima ile munaijua bote, ya mwisho. Polisi balifunga barabara kwa bamotokari. Hakuna mwenye aliambia bantu ba makala, juu makala haiko motokari. Na katikati ya kilima, fasi yenye inasimama sawa ukuta, tukakuta magunia ine na miguu mbili kwa nyuma. Muntu mukubwa, nywele nyeupe. Alikuwa amesimama. Hakuweza kwenda mbele, na muzigo ilianza kumurudisha, hatua moja, hatua mbili, na miguu yake inateleza.

Mwansa alimupita. Nilipumua. Kisha niliona anageuka kichwa.

"Mwansa!" nililia. "Panda! Usiangalie! Panda!"

Alishuka. Akalaza kinga yake mu majani, kinga yenye nilitengeneza na mikono yangu, akaweka bega chini ya magunia.

"Iko anafanya nini, huyu?" Shefu aliuliza.

"Anasukuma, Shefu."

"Anasukuma nini?"

"Makala."

Shefu aliangalia saa ya mukono, kisha ya telefone. Viatu ya mbio iko na chuma chini, na Mwansa alikuwa anateleza ku lami sawa mbuzi ku mabati. Kwa nyuma yetu kamisere wa mashindano, muzungu mumoja ku piki-piki, alisimama, akafungua kitabu ya sheria. Akatafuta. Kuko sheria ya kusukumwa. Kuko sheria ya kushika motokari. Ya kusukuma makala ya muntu mwingine, hakuna. Akafunga kitabu, akafungua tena, labda imeingia.

Na mi? Mi nilikuwa nyuma, dirisha wazi, napiga kelele. "Acha! Mwansa, acha!" Magurudumu mbili ku magoti, na suruali yangu mupya, ya pasi.

Balifika yulu. Yule muzee akaweka muti ya kuegemeza kinga, akamuangalia Mwansa toka chini mpaka yulu, ile nguo ya kubana, ile kofia.

"Aksanti, mwana. Kinga yako haina hata fasi ya kuweka gunia. Sasa unabebaka nini?"

"Hakuna, papa. Tunakimbiaka tu."

"Ah," muzee alisema, na sauti ya kuhurumia. "Itakuja. Utapata kazi."

Mwansa alirudia mu mbio kuchukua kinga, akapanda mpaka yulu, akashuka upande ingine sawa jiwe. Alifika Likasi nje ya delai. Sekunde kumi na tisa. Kamisere alihesabu mara tatu, na niliona hakufurahia hesabu yake. Shefu alienda kusema na ba radio, akawaeleza vile bantu ba makala habana dispilini.

Nilikuta Mwansa amekaa pembeni ya barabara, uso nyeusi, anakula karanga. Nilikuwa na maneno ya kumuambia, nilizipanga mu motokari. Nilitaka kumugombeza sawa baba. Nilisema: "Mutoto, juu ya nini? Sekunde kumi na tisa!"

Hakukasirika. Alinipatia karanga.

"Papa, mu motokari mulikuwa bangapi?"

"Batatu. Shofa, Shefu na mi."

"Na mulikuwa na muzigo gani?"

Nilishika ile karanga mu mukono. Kitabu inasema fundi anashuka paka wakati kinga imeharibika. Ile jibu nilikuwa nayo, tayari, ya kweli kabisa. Sikuitoa. Miguu yangu ilikuwa muzima. Kama ningeshuka mi, yeye angepita. Alisimama, akajipangusa, akaenda kutafuta basi ya kurudia Lubumbashi.

Nilipita kwa Papa Mukendi kumueleza. Nilieleza yote, na suruali pia, juu alikuwa muntu wa kusikia kintu yenye umeficha. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliingia ndani, akatoka na beseni ya mayi na mupira, akaniwekea mbele, sawa siku ya kwanza. Nilitafuta matundu mpaka magaribi. Ilikuwa kenda. Nilibandika yote.

Miaka mingine yote nilitumika. Shefu alishika neno, muntu wa makala hakuingia tena mu ekipe, na ekipe haikushinda tena kintu, lakini dispilini ilikuwa muzuri sana. Papa Mukendi alikufa, Mungu amupatie kwaya yenye inasikia. Atelye, Mwansa njo aliirizi. Hakuniwekea kisirani. Nikipita, ananisalimia, ananipatia kiti. Njo ile inauma. Muntu akikutukana, unamujibu, munamaliza.

Na kila mwaka, etape ya kwanza, tulikuwa tunapita kilima ile. Nilikuwa naomba: leo kusikuwe makala. Na hakukuwa, polisi balijifunza kubafukuza mbele. Mpaka mara yangu ya mwisho.

Nilimuona toka chini. Magunia tatu, miguu mbili. Sijui vile aliponyoka polisi. Mucheza kinga wetu alikuwa anaenda muzuri, mbele yetu, kati ya bale kumi ba kwanza. Nilisema: "Shofa, simama."

"Kuna pancha?" Shefu aliuliza. Ni Shefu yule yule. Shefu hapana kuchakaa, banabadilishaka paka kofia.

"Hakuna."

"Basi tunaendelea."

Shofa hakusimama. Lakini ku kilima ile motokari yetu ilikuwa inaenda sawa muntu wa mazishi. Nilifungua mulango, nikashuka. Nilisikia Shefu analia jina yangu, na ile mara hakuikosea. Niliweka bega chini ya magunia. Miaka yangu muzijue nyie. Ku magoti nilisikia reyo zote, hakuna hata moja yenye ilikuwa mu kwaya. Lakini tulipanda.

Yulu, yule muntu, kijana wa miaka makumi tatu hivi, akaniangalia.

"Papa, ulitoka wapi?"

"Mu motokari."

"Na motokari iko wapi?"

"Imeenda."

Alitoa muti ya kuegemeza kinga. "Basi shika kamba nyuma. Kushuka pia iko kazi."

Juu mukumbuke, kinga ya makala haina fre ya kutosha, ile ya kuisimamisha. Ku kushuka, muntu wa nyuma anavuta kamba, njo yeye fre. Miaka yote nilitengeneza fre ya bengine. Ile siku niliingia Likasi niko fre. Tulipita mbele ya batu ba mashindano banakunja bendera. Kamisere alituona, akaweka mukono ku kitabu, akaacha. Huko mbele, mucheza kinga wetu alipata pancha, na fundi hakukuwa. Shefu alishuka mwenyewe. Banasema alitoa gurudumu ya mbele, na pancha ilikuwa ya nyuma. Kisha siku mbili kupita, nilipata barua ya pensheni na ile soda.

Kesho yake nilipita Ruashi. Mwansa alikuwa amekaa, miwani ku pua, kijiko mu mukono, anapiga reyo. Nilimueleza. Hakuacha kazi, alikuwa anasikiliza gurudumu na sikio moja na mi na ingine.

"Magunia ngapi?" aliuliza.

"Tatu."

Alipiga reyo moja, akaikaza kidogo, akapiga tena.

"Yangu ilikuwa ine," alisema, akasukuma beseni na muguu mpaka mbele yangu.